Amana kwa Kijana: Somo Juu ya Malezi ya Uongozi



Katika darasa letu la baada ya Magharibi alisimama mzazi mmoja akauliza suali ambalo hatukuweza kulijibu papo kwa papo. Alisema kwamba mwanawe amemaliza skuli, na nyumbani ana vyeti vitatu vya mafunzo ya uongozi wa vijana, kila kimoja kina muhuri na sahihi. Lakini siku alipoitwa mbele ya watu waliokuwa wakitafuta mfanyakazi, kijana yule aliinamisha kichwa, akajibu "ndiyo" na "la" tu, kisha akatoka asijue amesema nini. Mzazi akamaliza kwa kusema: "Ikiwa mafunzo haya yafaa, mbona hayakumfaa mwanangu? Na ikiwa hayafai, mbona twayalipia?"

Suali hili ni la haki, na si la mtu mmoja. Wazazi wengi wa miji yetu ya pwani hujinyima ili watoto wao wapate malezi haya, wakitaraji kuwa kesho watasimama mbele za watu bila ya kutetemeka. Kwa hivyo tuliomba muhula, tukasoma, tukaulizana, na tukamwita kijana mwenyewe tukazungumza naye. Haya tuyaandikayo hapa ndiyo jawabu yetu.

KUJIAMINI NI NINI?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Watu wengi hudhani kuwa kujiamini ni kusema kwa sauti kubwa, kukata maneno ya wakubwa, na kujisifu kwa jambo ambalo mtu hajalifanya. Huko si kujiamini, bali ni kiburi, na mara nyingi chini yake mna hofu.

Neno kujiamini latokana na kuamini, na shina lake la Kiarabu ndilo shina la neno amana na la neno imani. Mwenye kuyatazama maneno haya matatu pamoja ataona siri yake: mtu hujiamini baada ya kuaminiwa. Mtoto hazaliwi akijua kuwa aweza kuongoza. Hulijua hilo siku atakapopewa jambo mkononi mwake, akalifanya, likatengenea, na yeye mwenyewe akaona kuwa limetengenea kwa juhudi yake.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyesomesha katika chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika mwaka 1977 kwamba itikadi ya mtu kuwa aweza kulifanya jambo humjia kwa milango minne. Wa kwanza ni kulifanya jambo lenyewe akafaulu. Wa pili ni kumuona mtu mfano wake akilifanya. Wa tatu ni kuambiwa na watu kuwa "waweza." Wa nne ni hali ya mwili na moyo wake wakati ule, kama vile kutetemeka au kutulia. Na katika milango hii minne, wenye nguvu zaidi ni ule wa kwanza.

Sasa tumrejee kijana wetu. Tulipomuuliza katika mafunzo yake matatu alifanya nini, alitujibu: "Tulikaa vitini tukasikiliza. Mwisho tukapiga picha, tukapewa vyeti." Tukamuuliza: "Hukupewa jambo lolote la kusimamia, hata la siku moja?" Akasema: "La." Hapo tukafahamu. Kijana yule aliingizwa kwa mlango wa tatu peke yake. Aliambiwa kuwa aweza, lakini hakupewa alifanye hata mara moja. Na maneno matupu huyeyuka siku mtu akabilipo jambo la kweli.

MIPANGO IFAAYO HUFANYAJE KAZI?

Haikutupasa kusema kuwa mipango yote ni kama hiyo aliyoikuta kijana wetu. Iko iliyojengwa kwa hikima, na jambo la manufaa hatukatazwi kujifunza kwa sababu limeanzishwa na watu wengine. Tutatoa mifano mitatu ambayo iko hapa kwetu Kenya.

Mfano wa kwanza ni skauti. Mwezi wa Agosti mwaka 1907, Baden-Powell, aliyekuwa askari wa dola ya Kiingereza, aliwakusanya wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, naye akawachanganya. Aliwagawa katika vikosi vidogo vinne, na kila kikosi kikawa na mkuu wake, mvulana mwenzao. Skauti waliingia Kenya mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe alikufa mwaka 1941 akazikwa Nyeri. Ushujaa wake wa vita si shughuli yetu leo. Itupasayo kuitazama ni ile hila yake ya kikosi kidogo. Mtoto hapewi watu mia kuwaongoza, bali hupewa wenzake sita au wanane. Akisahau kuni, wenzake hawapiki. Akiifunga hema vibaya, wote huroa. Hivyo hujifunza kuwa uongozi si cheo cha kuvaliwa kifuani, bali ni jukumu ambalo taabu yake huwafika wengine.

Mfano wa pili ni Tuzo ya Rais. Asili yake ni mpango ulioanzishwa Uingereza mwaka 1956, nao ukaanza Kenya mwaka 1966. Huwachukua vijana tangu umri wa miaka 14 hadi 24, na una daraja tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kijana hutakiwa kutoa khidma kwa watu wake, kujifunza ujuzi fulani, kuuzoeza mwili wake, na kufanya safari ngumu pamoja na wenzake. Na mambo haya hayamaliziki kwa siku mbili za kukaa vitini. Huchukua miezi, na kijana hashindani na mtu ila na uvivu wake mwenyewe. Huo ndio mlango wa kwanza tuliousema.

Mfano wa tatu ni mabaraza ya wanafunzi. Zamani skuli zetu zilifuata desturi ya Kiingereza ya viranja, ambao huteuliwa na walimu. Kiranja wa namna hiyo aliweza kuwa mwema, lakini mara nyingi wenzake walimuona kuwa ni jicho la mwalimu. Mwaka 2009 liliundwa baraza la wanafunzi wa skuli za sekondari za Kenya, na skuli nyingi zikaanza kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao kwa kura. Hapa mtoto hujifunza mambo mawili ambayo kiranja wa zamani hakujifunza: kuomba kuaminiwa na wenzake, na kushindwa mbele ya watu kisha akarudi darasani kesho yake akiwa salama. Huyu wa pili, aliyeshindwa akabaki mzima wa moyo, huenda akawa amefaidi zaidi kuliko aliyeshinda.

JE, MATUNDA YAKE YAONEKANA BAADAYE?

Mzazi atauliza: "Haya yatamfaa nini mwanangu atakapokuwa mtu mzima?" Mwaka 2005 wataalamu wawili wa uchumi wa Marekani, Peter Kuhn na Catherine Weinberger, walitoa uchunguzi wao juu ya wanaume waliokuwa manahodha wa timu au wakuu wa vyama walipokuwa skuli za sekondari. Waliona kuwa watu hao walipokuwa wakubwa walipata mshahara zaidi kuliko wenzao waliokuwa sawa nao kwa akili za masomo. Tofauti hiyo ilikuwa baina ya 4 na 33 kwa mia, kwa kadiri ya namna ya kuupima uongozi na wakati wenyewe.

Lakini tusiruke kwa furaha. Mwenye kusoma kwa insafu atauliza: je, unahodha ndio uliowajenga watu hao, au walichaguliwa manahodha kwa sababu tangu hapo walikuwa na kitu? Bila shaka yote mawili yamo. Na kama yote mawili yamo, basi twapata onyo kubwa. Tukiwapa amana wale tu ambao tayari waonekana wachangamfu, tutazidi kuwanyanyua walionyanyuka na kuwaacha waliokaa nyuma. Mtoto mnyamavu, mtoto wa maskini, mtoto wa kike, hawa ndio wahitaji zaidi wa amana, na hawa ndio ambao mara nyingi hatuwatazami.

Tena mshahara si kipimo cha pekee. Kijana aliyezoea kusimamia jambo hujua njia yake mapema. Huyu aliyeshika hisabu ya chama huona kuwa moyo wake wapenda hisabu. Yule aliyewasomesha wadogo hugundua kuwa ni mwalimu. Mwengine hujaribu uongozi akaona kuwa yeye ni mtendaji mzuri zaidi kuliko mkuu, na hilo nalo ni elimu. Wangapi katika sisi tulijua tufaliwalo na kazi gani baada ya umri kwenda!

MFANO WA USAMA BIN ZAYD

Sisi Waislamu hatukupaswa kungoja Brownsea wala Stanford ili tuyajue haya. Mwaka wa 11 wa Hijra, yaani mwaka 632, Mtume (s.a.w.) alitayarisha jeshi la kwenda upande wa Sham, akalikabidhi kwa Usama bin Zayd, kijana wa miaka kumi na minane hivi. Ndani ya jeshi lile walikuwamo masahaba wakubwa, na Umar bin Khattab miongoni mwao. Watu wakanong'ona juu ya udogo wake. Mtume naye alikuwa mgonjwa, lakini alitoka akawabainishia watu kuwa kijana yule anastahiki uongozi, kama alivyoustahiki baba yake kabla yake.

Kisa hiki wengi wetu twakijua, na khatibu hukitaja mara kwa mara. Lakini kuna mambo matatu ndani yake ambayo twayapita haraka.

La kwanza, Usama hakuokotwa njiani akapewa jeshi. Siku ya Uhud alikuja akiwa mdogo akarudishwa. Siku ya Khandaq akakubaliwa. Kisha akatoka katika misafara akiwa chini ya wengine. Basi amana ilimjia daraja kwa daraja, kama mtu apandaye ngazi.

La pili, na hili ndilo zito, Usama alikosa, tena kosa kubwa. Katika msafara mmoja alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidhani kuwa aliitamka kwa khofu ya upanga. Habari ilipomfikia Mtume alimkemea mkemeo mkali, akimrudilia suali lile lile mpaka Usama akatamani kuwa lau angalisilimu siku ile, ili kosa lile lisiwe katika Uislamu wake. Kosa halikufichwa wala halikupunguzwa. Lakini je, Usama alitupwa? Huyu huyu aliyekemewa ndiye baadaye aliyekabidhiwa jeshi. Alikemewa kwa kosa lake, na amana haikukatwa kwake.

La tatu, baada ya Mtume kufariki, Abubakar aliulipeleka jeshi lile lile na mkuu wake yule yule, ingawa watu walimtaka aweke mtu mzima. Alitoka kulisindikiza, yeye kwa miguu na Usama juu ya mnyama. Usama akaona haya, akamtaka Khalifa apande au yeye ashuke. Abubakar akakataa yote mawili. Kisha alipotaka Umar abaki naye Madina, hakumwamrisha abaki, bali alimuomba Usama ruhusa. Khalifa wa Waislamu wote anamuomba ruhusa kijana wa miaka kumi na minane! Kwa kitendo kile kila askari alifahamu kuwa uongozi wa Usama si wa jina. Mzee wa kweli humtukuza kijana mbele ya watu, na humrekebisha wanapokuwa faragha.

KOSA LETU SISI

Sasa twataka kusema jambo ambalo halitupi sifa, lakini kulificha kungekuwa ni kuwasomesha wengine tusilolitenda.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana katika duara letu hili, mwenye bidii na mkono safi. Tukamkabidhi daftari la michango ya kuwasaidia wanafunzi mayatima. Hatukumfundisha namna ya kuliandika. Tulimpa tu, tukamwambia, "Sisi twakuamini." Baada ya miezi minne hisabu haikulingana. Pesa zilipungua kidogo, si nyingi. Mmoja wetu alisimama mbele ya watu wote akamtaka alirudishe daftari, na sisi wengine tukanyamaza. Wiki ya pili yake tulipokagua vizuri tuliona kuwa hapakuibwa hata senti. Mchango mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, basi. Tukamtuma mtu kwake kumuomba msamaha. Kijana alisamehe kwa ulimi, lakini hakurudi darasani. Mpaka leo tukikutana naye njiani hutusalimia kwa adabu na kupita.

Tulikosa mara tatu. Tulimpa amana bila ya mafunzo. Tulimwacha bila ya mtu wa kumtazama. Kisha tukamvunja mbele ya watu kwa kosa ambalo mzizi wake ulikuwa kwetu. Mipango ya uongozi ya jina tu huwapa vijana mafunzo bila ya amana. Sisi tulimpa amana bila ya mafunzo. Njia hizi mbili zote hufika mahali pamoja: kijana ainamishaye kichwa.

YATUPASAYO KUYATENDA

Kutokana na haya, twashauri mambo matano.

Kwanza, mzazi akitaka kumpeleka mwanawe katika mpango wa uongozi, asiulize cheti chake kikoje. Aulize: "Mwanangu atapewa asimamie nini? Kwa muda gani? Na nani atakuwa pamoja naye?" Wasipokuwa na jawabu, na azihifadhi pesa zake.

Pili, amana ianze nyumbani, na ianze ndogo. Mtoto wa miaka kumi aweza kupewa pesa za soko la siku moja akarudi na hisabu. Akikosea shilingi kumi, na afundishwe hisabu, asiitwe mwizi. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje, usimvunje.

Tatu, madrasa zetu ziirudishe ile desturi njema ya wakubwa kuwasomesha wadogo. Mwanafunzi aliyehitimu juzuu na apewe watoto watano awasikilize, na mwalimu akae karibu asiingilie ila kwa haja. Na wasichana wapewe kama wavulana. Bibi Aisha alikuwa bado mwanamke kijana Mtume alipofariki, na kwake zimepokewa hadithi zaidi ya elfu mbili, na masahaba wakubwa wakimuendea kumuuliza. Umma uliosomeshwa na yeye hauna udhuru wa kumnyamazisha binti.

Nne, kamati za misikiti na vyama zitenge nafasi za vijana, nafasi za kazi si za kuhudumia chai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 55, yaitaka serikali iwape vijana fursa ya kushiriki katika mambo ya siasa, ya jamii na ya uchumi. Na kijana kwa hisabu ya Katiba ile ni mtu tangu miaka 18 mpaka asiyefika 35. Je, si aibu kuidai serikali haki hii, na hali katika kamati zetu wenyewe mtu wa miaka 34 huambiwa "wewe ni mtoto, ngoja"? Atangoja mpaka lini? Tukifa sote kwa mara moja, funguo ataachiwa nani, na nani amemuonyesha mlango?

Tano, kijana akikosa, na tumkemee kwa kadiri ya kosa lake, kwa siri ikiwezekana, kisha tumrudishie kazi yake. Amana iliyorudishwa baada ya kosa hujenga moyo kuliko ile iliyotolewa mara ya kwanza, kwa sababu wakati huo kijana ajua kuwa twamjua, na bado twamuamini.

Nanyi vijana, neno lenu pia lipo. Msingoje mpaka mpewe jeshi. Usama alianza kwa kurudishwa nyumbani. Shikeni dogo mlilopewa, mlifanye vizuri, na mkikemewa kwa haki msikimbie. Mwenye kukimbia mkemeo mmoja huenda akaikimbia kazi ya umri wake wote.

Ama yule kijana wa vyeti vitatu, hatukumpa cheti cha nne. Tumemkabidhi kuandika orodha ya wanafunzi wa darasa letu la wadogo na kuisoma mbele ya wazazi kila mwisho wa mwezi, na mmoja wetu mwenye kujua kazi hiyo yuko pamoja naye. Mwezi wa kwanza alisoma akilitazama karatasi tu. Mwezi wa pili mzazi mmoja alimpinga kuwa jina la mwanawe halimo. Kijana alinyamaza kidogo, akaitazama orodha, kisha akainua uso akasema: "Ni kweli, nimelisahau. Nisamehe, nitaliandika sasa hivi." Akaliandika pale pale, watu wakimtazama. Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutoa amana kwa wanaostahiki, na wenye kusubiri makosa yao kama wazee wetu walivyosubiri yetu. Amin.